Mtutu Alioukataa Harlan Rusk

Nadine Rusk alimkuta mumewe saa mbili kasorobo asubuhi, Alhamisi tarehe kumi na tisa Oktoba, amelala kifudifudi kando ya birika la kunyweshea ng'ombe, kofia yake ikielea majini. Mwanzoni alidhani ni moyo, kwa kuwa daktari alikuwa ameshamwonya Harlan mara mbili mwaka ule. Alipomgeuza akaona tundu kifuani. Akamfunika kwa koti lake mwenyewe, akawafukuza ng'ombe waliokuwa wakisogea kunusa, kisha akarudi nyumbani kwa miguu kupiga simu. Gari lilikuwapo, ila hakuiamini mikono yake kushika usukani.

Naibu Sherifu Verna Tollefson alifika saa mbili na dakika ishirini. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, asiyependa kupaza sauti, aliyefanya kazi miaka kumi na tisa katika wilaya ya Bitter Fork, Montana, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu, na bunduki ni nyingi kuliko ng'ombe. Alisimama pale aliposimama marehemu, akatazama upande wa mashariki. Hatua mia tatu mbele kulikuwa na kilima cha misonobari. Akageuka nyuma. Kwenye nguzo ya uzio palikuwa na tundu jipya, na ndani yake, baada ya robo saa ya kuchokoa kwa kisu, risasi.

Kilimani alikuta majani yamelazwa na mtu aliyelala kwa tumbo. Ganda la risasi halikuwapo. Aliyefyatua alikuwa ameliokota akaondoka nalo. Mtu nadhifu, Verna aliandika kwenye daftari lake, mtu aliyejua Harlan hukagua pampu ya maji kila siku saa moja na nusu.

Jikoni, Nadine alikuwa ameketi mbele ya meza iliyokwisha kupanguswa, akiipangusa tena.

"Alikuwa na ugomvi na mtu?" Verna aliuliza.

"Unajua mwenyewe. Wendell Pruitt na maji yake ya mfereji. Kila kiangazi wanafokeana uzioni kama majogoo."

"Siku hizi za karibuni?"

Nadine aliacha kupangusa. "Jumamosi alikwenda mjini, akarudi kimya. Harlan si mtu wa kunyamaza. Nikamuuliza, kulikoni? Akasema, 'Nimempa hadi Ijumaa.' Nikasema, nani? Akasema, 'Achana nayo, Nadine, yatakwisha yenyewe.' Nilijua tu ni Wendell."

"Hakumtaja?"

"Hakumtaja. Lakini nani mwingine?"

Verna aliliandika neno lile kama lilivyotamkwa: hadi Ijumaa. Ijumaa ilikuwa kesho.

*

Saa nane mchana aliingia katika duka la Lyle Dunmore, duka pekee la bunduki wilayani. Alitaka orodha ya wote walionunua bunduki za milimita saba, maana risasi ya nguzoni, ingawa ilikuwa imepinda, ilipimika kuwa ya ukubwa huo.

Lyle alikuwa mtu mkubwa wa miaka sitini na mitatu, mwenye sauti ya kuchangamsha chumba. Siku ile sauti ilikuwa chini.

"Nimesikia," alisema. "Nadine yuko na nani?"

"Dada yake amefika."

"Miaka arobaini, Verna. Tumewinda pamoja miaka arobaini. Nani amuue Harlan? Harlan!" Akajifuta macho kwa kiganja, bila aibu. Kisha akatoa daftari la mauzo kabla hata ya kuombwa, akamgeuzia. "Hizi hapa. Kumi na saba tangu mwaka juzi. Na ya mwisho ni yake mwenyewe, Septemba. Aliiacha ile aliyoagiza kwa Mzee Emmett, akaja kwangu."

"Alichukua ya aina gani?"

"Kama hii." Lyle alishusha bunduki moja kutoka ukutani. "Hii ndiyo ninayowaazima wateja wakajaribu. Ishike. Ungekuwa umeshanunua tangu Juni, msimu huu ungewinda kama watu."

Verna aliipokea. Mji mzima ulijua habari zake. Bunduki ya baba yake ilikuwa imelika mtutu, haina shabaha tena, na tangu Juni alikuwa akienda na kurudi kati ya duka la Lyle na karakana ya Emmett Sorby, fundi bunduki, bila kuamua anunue ya kiwandani au aundiwe ya kwake. Za kiwandani zilikuwa na vitako virefu kwa mikono yake mifupi. Za Emmett zilikaa mwilini kama nguo ya kupimwa, lakini moja ungeisubiri mwaka mzima, na bei yake ingekununulia gari la mtumba.

Alifanya kile Lyle alichowafundisha wateja wote kufanya. Alichukua karatasi, akaipitisha kati ya mtutu na mbao unayoilalia, kuhakikisha mtutu haugusi. Karatasi ilipita. Akapitisha jalada la daftari, nalo likapita. Pembeni ya jalada pakabaki nafasi ya kuingiza penseli.

"Hii imekaa wazi mno," alisema.

"Mtutu unatakiwa uelee, usiguse mbao. Ndiyo shabaha yenyewe."

"Kuelea sawa. Huu unaogelea."

Lyle alicheka, cheko fupi la siku ya msiba. "Unaona? Ndiyo maana miezi minne hujanunua kitu. Ukioa, utampima mume kwa rula."

"Wanawake huolewa, Lyle."

"Na wewe hata hilo hujaamua." Akaichukua bunduki, akairudisha ukutani.

"Ulikuwa wapi leo saa moja na nusu?"

Hakukasirika. "Hapa hapa, nahesabu risasi kabla ya kufungua. Peke yangu. Ningejua, ningemwalika mtu."

*

Majibu ya maabara ya jimbo yalikuja kwa simu Ijumaa, saa nne asubuhi. Mtaalamu aliyepiga alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu cha ajabu.

"Naibu, orodha yako ya bunduki za dukani itupe. Ndani ya mtutu wowote kuna mifereji inayoizungusha risasi, na mifereji huacha alama. Bunduki za kwenye orodha yako zote zina mifereji sita, inazunguka kulia. Risasi yako ina alama tano, zinazunguka kushoto. Huo mtutu umetengenezwa kwa mkono."

Sherifu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni na kikombe cha kahawa, alisema jina moja tu. "Emmett."

"Au mwenye bunduki ya Emmett," Verna alisema, akavaa kofia.

Karakana ya Emmett Sorby ilikuwa nyuma ya nyumba yake, maili sita nje ya mji. Mzee alikuwa na miaka sabini na moja, mkonda, vidole vyeusi kwa mafuta. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa kwa bandeji nyeupe.

"Jumanne," alisema kabla hajaulizwa. "Nimepasuliwa mtoto wa jicho. Wamenikataza kuinama, kunyanyua na kusoma. Wamesahau kunikataza kupumua."

"Na hilo la kushoto?"

"La kushoto linanionyesha kwamba wewe ni mtu, si farasi. Keti."

Verna alimwambia habari ya alama tano za kushoto. Mzee alifuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Ni wangu," alisema hatimaye. "Aliyenifundisha kazi alikuwa na mashine iliyofungwa kinyume. Nikairithi, sikuirekebisha. Mitutu yangu yote inazunguka kushoto. Nilikuwa najivunia jambo hilo hadi dakika hii."

"Ya milimita saba iko mingapi wilayani?"

"Miwili. Bunduki ya Wendell Pruitt, nilimuundia miaka sita iliyopita. Na mtutu wa Harlan."

"Harlan alifuta oda yake."

"Alifuta, ndiyo. Miezi kumi na minne alisubiri. Nikamwambia, nipe mpaka majira ya kuchipua. Akasema, 'Emmett, daktari hakunipa miaka, amenipa misimu.' Ningemjibu nini? Mtu kama huyo anahitaji bunduki iliyopo, si bunduki nzuri. Akaenda kwa Lyle."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika wiki nzima. Si kwa kumuua mtu. Kwa kutomsalimia kanisani." Alishusha pumzi. "Mtutu ulikuwa umekwisha na alikuwa ameshaulipia, nikampa. Alitoka hapa nao begani, ameufunga kwenye gunia. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Septemba. Wapi aliupeleka sijui."

Verna aliacha kuandika. "Mtutu mtupu unaua?"

"Mtutu mtupu ni bomba tu. Unahitaji bodi yenye kifyatulio na komeo. Lakini mimi sitengenezi bodi. Nanunua ya kiwandani, naisahihisha. Mtu akikwambia bunduki yake yote imetengenezwa kwa mkono, mwambie akuonyeshe mkono wenyewe. Ule wa Harlan niliuchonga hesi, zile nyuzi za kufungia, ziingie kwenye bodi ya kiwandani, ya aina ile ile anayouza Lyle."

"Kwa hiyo mtu mwenye bunduki ya dukani ya aina hiyo angeufungua mtutu wa kiwandani, akafunga wako?"

"Na kufungua tena, na kurudisha. Awe na jiliwa, spana na kipimo, na awe anajua anachofanya. Nusu saa. Ila usingelala kwenye mbao. Mtutu wangu mnene, wa kiwandani mwembamba. Angelazimika kuichimba mbao kuipanua."

Emmett aliendelea kuongea, habari ya mbao na msasa. Verna hakuwa akimsikia. Alikuwa akiona jalada la daftari lake likipita, na nafasi ya penseli iliyobaki pembeni.

"Mzee Emmett," alisema, "unene wa mtutu wa Harlan unaukumbuka?"

"Sihitaji kukumbuka." Fundi alinyoosha mkono kwenye rafu bila kutazama, akatoa kijiti cha mbao kirefu, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kimeandikwa RUSK kwa penseli. "Kila mtutu na kijiti cha kipimo chake. Mbao naichonga kwa kukifuata hiki."

Verna hakukigusa. Alimwomba akiweke mahali salama, asimwambie mtu.

*

Hata hivyo alikuwa na sherifu ambaye, baada ya kusikia habari ya jicho la Emmett, sasa alimtaka Wendell Pruitt, na jina la Wendell lilikuwa limetajwa mara mbili. Alimkuta saa sita akishusha marobota ya nyasi, mtu mwekundu wa uso, mwepesi wa hasira.

"Ndiyo, tuligombana," Wendell alisema. "Miaka kumi na miwili tunagombana. Unadhani mtu anaua jirani aliyemzoea? Nitagombana na nani sasa?"

"Alisema amempa mtu hadi Ijumaa."

"Si mimi. Mimi aliniambia nikajitose mferejini, hakunipa siku."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

Wendell aliingia kwenye gari lake, akarudi na kikaratasi cha mzani wa mnada wa ng'ombe, maili sabini kutoka pale. Ndama ishirini na wawili, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, muhuri juu yake. Verna alipiga simu mnadani akiwa amesimama pale pale. Karani alimkumbuka. Wendell alikuwa amegombana na mtu wa mzani.

Bunduki yake aliitoa kabatini mwenyewe. "Chukueni, mkaijaribu. Na mnirudishie kabla ya msimu, tafadhali."

Saa saba mchana Verna alikwenda mkahawani. Lyle Dunmore alikuwa kaunta, mbele yake sahani ya viazi na nyama ambayo hakuwa ameigusa. Verna alikaa kiti cha pili.

"Mmempata?" Lyle aliuliza.

"Bado. Nasikia Harlan alipewa mtutu wake na Emmett. Hakukuletea wewe?"

"Mtutu? Hapana." Alikata kipande cha nyama, akakiacha. "Angeniletea wa nini? Mimi nauza bunduki nzima. Muulizeni Emmett vizuri. Yule mzee ana kinyongo, mimi nasema tu. Kupotezewa mteja na duka, baada ya mwaka na zaidi! Na Wendell je, hana ya kwake ya Emmett?"

"Anayo."

"Basi."

Verna alilipia kahawa yake. Nyuma ya mlango wa mkahawa palikuwa na ubao wa matangazo ambao hakuna aliyewahi kuusafisha. Tangazo la mnada wa madume, la watoto wa mbwa, la chakula cha jioni cha kanisa. Aliyasoma yote taratibu, kwa desturi tu ya kazi. Chini ya watoto wa mbwa ilichungulia kona ya kadi ya njano. Akainua karatasi ya juu.

Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa, wa mtu aliyezoea kuandika kwenye hereni za namba za ng'ombe: MTUTU MPYA WA SORBY, MILIMITA SABA, HAUJAWAHI KUFYATULIWA. UKAUTAZAME KWA LYLE DUKANI. H. RUSK, 11 SEPTEMBA.

Aling'oa pini, akaitia kadi ndani ya bahasha, akatoka bila kugeuka nyuma.

Alichokosa sasa ni sababu. Saa nane na nusu alikuwa jikoni kwa Nadine tena.

"Jumamosi," alisema, "kabla Harlan hajaenda mjini. Nini kilitokea? Chochote."

Nadine alifikiri. "Posta ilikuja. Alipata barua kutoka kiwandani, kule walikotengeneza bunduki yake mpya. Alikuwa amewapelekea namba yake ili wamwandikie dhamana. Akaisoma amesimama hapo dirishani, akaikunja, akaitia kwenye koti. Nilidhani wamemnyima dhamana. Halafu akachukua funguo za gari."

"Bunduki yenyewe iko wapi?"

"Kabatini. Hakuwahi kuwinda nayo."

Verna alinakili namba iliyogongwa kwenye bodi, akapiga simu kiwandani saa tisa kamili, kabla ofisi hazijafunga. Mwanamke aliyepokea alimsikiliza, akabofya mashine yake, akasema, "Lakini tulishamwandikia Bwana Rusk. Bunduki hiyo tuliiuza miaka minne iliyopita, jimbo jingine kabisa. Mwenyewe aliripoti kuibiwa. Nyumba yake ilivunjwa, zikaondoka nane siku hiyo."

*

Jumamosi saa tatu asubuhi, Lyle Dunmore alipogeuza kibao cha mlangoni kuonyesha kuwa amefungua, watu watatu walikuwa wamesimama nje. Verna aliingia wa kwanza. Nyuma yake Emmett Sorby na bandeji yake, kitu kirefu kimefungwa kwa gazeti kwapani. Sherifu alibaki mlangoni na hati ya upekuzi mkononi.

"Leo mmekuja wengi," Lyle alisema. "Verna amechagua hatimaye?"

"Nishushie ile ya kuazima."

Lyle aliishusha. Mikono yake ilikuwa imetulia. Verna aliilaza juu ya kaunta, akafungua skrubu mbili za tumboni, akautoa mtutu pamoja na bodi yake kwenye ile mbao. Mfereji wa mbao ulibaki wazi mbele yao. Sehemu ya nyuma ilikuwa ya rangi ya zamani, yenye mafuta. Kuanzia katikati hadi mbele mbao ilikuwa nyeupe, imekwanguliwa upya.

"Mtutu wake wa kiwandani ni mwembamba," Verna alisema. "Huu mfereji ni wa kitu kinene. Mzee Emmett."

Emmett alifungua gazeti. Akakishusha kijiti kilichoandikwa RUSK ndani ya mbao, polepole, kwa jicho moja na vidole kumi. Kililala. Hakikucheza huku wala kule, ukucha usingepita. Mzee aliondoa mikono yake kama mtu aliyeungua.

"Kijiti kinathibitisha nini?" Lyle aliuliza. "Niliipanua mwenyewe mbao hiyo. Nilikuwa najaribu mtutu fulani mnene, wa kuagiza."

"Jana ulisema unauza bunduki nzima tu."

"Nilisema Harlan hakuniletea mtutu."

Verna aliweka bahasha kaunta, akatoa kadi ya njano, akaigeuza aisome. Lyle aliisoma. Aliisoma tena.

"Hakuniambia ameweka tangazo," alisema.

"Hapana. Alikuwa anakusaidia uuze."

Sherifu alianza kupekua chumba cha nyuma. Walisikia makabati yakifunguliwa. Verna aliendelea, kwa sauti ile ile, kana kwamba anasoma ripoti.

"Ulimuuzia Harlan bunduki ya wizi ndani ya boksi jipya. Kwenye daftari ukaandika imetoka kiwandani. Jumamosi iliyopita alikuletea barua yao. Angeweza kuja moja kwa moja kwetu, ofisi iko mita mia mbili kutoka hapa. Badala yake alikupa hadi Ijumaa ujipeleke mwenyewe. Ni nyingi, Lyle, au ni hiyo moja?"

"Ziko kumi na moja," Lyle alisema. Alikaa kwenye kiti chake cha nyuma ya kaunta. "Kuna mtu alikuwa anapita na gari kila baada ya miezi mitatu. Mwanzoni sikumuuliza. Halafu nikawa sitaki kuuliza. Ya Harlan nilichanganya, Verna. Nilimkusudia mpya kweli. Nilikosea boksi."

"Kwa nini mtutu wa Emmett?"

"Wewe unajua kwa nini." Alionyesha kuta zilizojaa bunduki. "Kila bunduki ya kiwandani katika wilaya hii imetoka kwenye ukuta huu. Risasi ya kiwandani ingekuleta kwangu na daftari langu, na daftari ndilo lenyewe lililokuwa linanuka. Ya kuundwa kwa mkono ingekupeleka kwa fundi." Hakumtazama Emmett. "Au kwa Wendell. Sikufikiri zaidi ya hapo."

Emmett alizungumza kwa mara ya kwanza. "Ulikuja hospitali kunichukua Jumanne. Ulinifungia mkanda wa gari."

"Ndiyo."

"Uliniuliza kama naona. Nikakwambia sioni hata ukucha. Ukajua hawataamini kwamba mimi nimefyatua."

"Hukumu gani ingekuangukia wewe, mzee kipofu?" Lyle alisema, na kwa namna ya ajabu alionekana kutaka wamshukuru. "Ungetoka tu. Wendell naye angetoka. Ingebaki haina mwenyewe."

"Na Harlan?" Emmett aliuliza.

Sherifu alirudi kutoka chumba cha nyuma. Alikuwa ameukuta mtutu juu ya dari, ndani ya gunia lile lile. Emmett aliutambua kwa mbali kwa jicho lake bovu, akageukia ukuta.

*

Kesi ilipokwisha kuandikwa ilikuwa saa nane. Verna alimrudisha fundi nyumbani. Walikuwa wamefika langoni kwake mzee alipomgeukia.

"Sasa utasema hutaki tena mtutu wa Sorby," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Basi nitakwambia mimi, maana wewe utafika kaburini hujaamua. Wewe hulengi mbali. Huwindi zaidi ya wiki moja kwa mwaka. Shida yako ni kitako tu. Nunua ya kiwandani, uniletee, nikukatie inchi moja na robo. Dakika arobaini."

"Umesubiri Oktoba kuniambia?"

"Nilikuwa natafuta mteja."

"Na ninunue wapi, Mzee Emmett? Duka limefungwa."

Emmett alicheka hadi akashika bandeji, kisha cheko likamgeukia likawa kitu kingine, na Verna akatazama barabara mpaka mzee akawa tayari kushuka.

Kwa Nadine alifika saa tisa na nusu. Alimweleza yote mezani, kwa mpangilio, bila kuficha, kwa sababu Nadine alikuwa mtu wa kuelezwa hivyo. Dada yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mabegani mwake.

"Kwa hiyo ni bunduki," Nadine alisema. "Kama angeisubiri ile ya Emmett, angekuwa hai."

"Usilishike hilo, Nadine. Kununua dukani hakukumuua. Alimpa rafiki siku sita, ndicho kilichomuua. Mimi ningempa saa moja."

"Harlan asingeweza. Lyle ndiye aliyesimama naye tulipooana. Pete zilikuwa mfukoni mwake." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa meza. "Yuko wapi sasa?"

"Mahabusu, pale ofisini. Hataki wakili bado. Hajaomba kitu ila kahawa, na sherifu amekataa kumpa."

Nadine alitazama dirishani hadi dada yake akainama kumtazama uso.

"Mpeni," alisema. "Bila sukari. Mwekeeni maziwa, asipowekewa maziwa hainywi."

Kisha akalaza kichwa juu ya mikono yake, pale pale mezani, akalia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.